Waya huu unakwenda wapi? Ramani ya swichi na hasara ya kutokuwa nayo Kigoma

WAFANYABIASHARA wa dagaa na migebuka wa Kigoma na Ujiji huijua kalenda ya soko lao bila kuandikiwa na mtu. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazifui dafu mbele ya mwanga wake, mitumbwi mingi hupumzika, mzigo huadimika na bei hupanda. Giza likirudi, mzigo nao hurudi. Mnunuzi wa jumla hupanga fedha zake kwa kutazama angani, na mara nyingi hakosei.

Ipo hasara nyingine katika mji huo ambayo haina kalenda. Ni pale mtandao wa kompyuta wa ofisi unaposimama saa nne asubuhi, wateja wamejaa, na hakuna mtu ndani ya jengo anayeweza kusema waya upi unatoka wapi na unakwenda wapi. Fundi hufungua kabati, hukuta nyaya ishirini za rangi moja, na kuanza kuchomoa mmoja mmoja huku akiuliza kwa sauti nani amepotea. Kazi ya dakika kumi huweza kula siku nzima ya biashara.

Mara nyingi kinachokosekana hapo si swichi mpya wala intaneti ya kasi zaidi. Ni karatasi moja ambayo haikuchorwa: ramani ya topolojia, yaani mchoro unaoonyesha swichi gani imeungwa na swichi gani, kwa tundu lipi, na nani anamtegemea nani. Ni nadra kuiona karatasi hiyo katika orodha ya vitu vinavyoagizwa na mfanyabiashara anapofunga mtandao, ingawa gharama yake haifiki bei ya swichi moja nzuri.

Mtandao unavyokua bila mpango

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa jumla wa saruji na sukari mwenye duka Mwanga, ghala Ujiji na ofisi ndogo ya uwakala wa forodha karibu na bandari. Alianza na kompyuta mbili na swichi moja ya matundu manane. Alipomwajiri mhasibu, swichi ya pili ikachomekwa kwenye ya kwanza. Zilipokuja kamera za ulinzi, swichi ya tatu ikachomekwa kwenye ya pili, tena juu ya dari, kwa sababu hapo ndipo waya ulipoishia. Ikafuata mashine ya kuchapia, kisha kisambazaji cha mtandao usio na waya kwa ajili ya wageni. Kila nyongeza ilikuwa na sababu nzuri siku yake. Fundi aliyezifunga zote amehamia Mwanza.

Kwa mfanyabiashara huyo mtandao si pambo. Bandari ya Kigoma inapitisha mizigo ya kwenda Bujumbura, Kalemie na Uvira. Wakala wa forodha hujaza nyaraka zake katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA), husubiri namba ya malipo ya Serikali, hulipa, ndipo mzigo unaposogea. Swichi iliyo juu ya dari ikizima, lori husimama, chombo husubiri gatini, na mwenye mzigo wa Kalemie hupiga simu kila baada ya nusu saa. Hakuna kati ya hao anayejua kwamba kilichomzuia ni kifaa kidogo kilichochomoka kwenye umeme wakati mtu alipokuwa akifuta vumbi.

Anza na reli

Msomaji anayetaka kuelewa neno topolojia asianze na kompyuta. Aanze na reli, kwa kuwa Kigoma ni mwisho wa reli tangu Februari 1914.

Kutoka Dar es Salaam reli ya kati hupita Morogoro na Dodoma hadi Tabora. Hapo hugawanyika: njia moja kwenda Mwanza, nyingine kuja Kigoma, na katika njia hii ya Kigoma, pale Kaliua, hutoka tawi la Mpanda. Ukichora kila stesheni kama nukta na kila kipande cha reli kama mstari, bila kujali kilometa, mito wala milima, umepata ramani ya topolojia. Haisemi Kigoma iko umbali gani. Inasema Kigoma imeungwa na nani, na kupitia kwa nani.

Faida yake huonekana siku ya shida. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipoharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, mchoro huo ungetosha kumwonyesha mtu yeyote kwamba Kigoma, Mpanda, Mwanza na Tabora zote zimepoteza njia ya kwenda Dar es Salaam kwa mkupuo mmoja. Kama reli ingekatika kati ya Tabora na Mwanza, Kigoma isingeguswa. Ramani ya kawaida ya ukutani, yenye rangi za mikoa na maziwa, haikuonyeshi jambo hilo upesi hivyo.

Katika ofisi, swichi ndiyo Tabora. Ni kituo ambapo njia hukutana na kugawanyika. Mwenye mali anayejua ni swichi ipi iliyo Tabora yake, na ipi iliyo Mpanda, anajua pia ni ipi ya kuiwekea betri, kuifungia kwenye kabati na kuinunulia ya akiba.

Ujiji yenyewe ina historia ya waya. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kampuni ya simu za maandishi ya Cecil Rhodes, iliyokuwa na ndoto ya kuunganisha Rasi ya Kusini na Cairo, ilifikisha waya wake Ujiji ikitokea kusini, na safari ikaishia hapo. Waya haukuendelea kaskazini. Kwa lugha ya wachora ramani za mitandao, Ujiji ilibaki jani: mwisho wa tawi, penye njia moja tu ya kuingia na kutoka. Jani halina njia mbadala, na waya ukikatika popote kusini, jani hunyamaza.

Jinsi ramani inavyojichora

Ramani hii inaweza kuchorwa kwa penseli, na kwa duka lenye swichi mbili hiyo ndiyo njia bora. Ofisi yenye swichi kumi huhitaji msaada wa programu, na ni vizuri mwenye kulipa ajue programu hiyo hufanya nini, asije akauziwa muujiza.

Mtu anayetaka kuchora vituo vyote vya mwambao wa kaskazini mwa Kigoma anaweza kwenda Kibirizi na kumuuliza kila nahodha wa boti swali moja tu: ukitoka hapa, kituo chako kinachofuata ni kipi? Nahodha mmoja hajui mwambao wote. Anajua majirani wa njia yake. Lakini ukifika kwenye kituo alichokitaja, ukamuuliza nahodha wa hapo swali lile lile, kisha wa kituo kinachofuata, baada ya muda utakuwa na mwambao mzima kwenye karatasi.

Programu nayo hufanya hivyo. Swichi nzuri hujitambulisha kwa jirani zake mara kwa mara, ikitaja jina lake na tundu ilikochomekwa. Utaratibu wa kawaida wa kujitambulisha huko unaitwa LLDP, uliotangazwa rasmi mwaka 2005. Kampuni ya Cisco ilikuwa na wake, CDP, tangu mwaka 1994. Kisha programu huiuliza kila swichi, kwa lugha ya SNMP iliyoanza mwaka 1988, jirani zake ni akina nani. Jibu la swichi ya kwanza hutoa majina ya nyingine mbili, hizo hutoa ya nyingine nne, na mchoro hukua wenyewe.

Lipo daftari la pili. Kila kompyuta, kamera au mashine ya kuchapia ina anwani yake ya kiwandani, ambayo wataalamu huiita anwani ya MAC. Swichi huandika ni anwani ipi imesikika kwenye tundu lipi, ili ijue pa kupeleka barua inayokuja. Programu ikisoma daftari hilo inaweza kusema kwamba kompyuta ya mhasibu iko kwenye tundu la saba la swichi ya pili. Katika swichi nyingi kifaa kikinyamaza kwa dakika tano hufutwa daftarini. Kwa sababu hiyo, fundi anayekuja kuchora ramani siku ya Jumapili, kompyuta zote zikiwa zimezimwa, atakukabidhi nusu ya ramani na kudai malipo kamili. Kazi hiyo ifanyike siku ya kazi, watu wakiwa mezani.

Programu za kufanya haya zipo, na baadhi hupatikana bila malipo: LibreNMS, Netdisco, Zabbix, na The Dude kwa wale wenye vifaa vya MikroTik. Baadhi hupaka mistari rangi kulingana na shehena inayopita, kijani pakiwa patupu na nyekundu panapofurika, hivyo mwenye duka anaona kwa macho kwamba kamera zake ndizo zinazoziba njia ya mhasibu. Tatizo la michoro inayojichora yenyewe ni kwamba ikiachwa hivi hivi huwa kama wavu uliotupwa ufukweni. Mtaalamu mzuri huigawa: karatasi moja ya swichi kubwa na njia kati ya majengo, na karatasi nyingine kwa kila jengo. Anayeleta mchoro mmoja wenye mistari mia mbili hajamaliza kazi.

Swichi bubu

Hapa ndipo ofisi nyingi ndogo hukwama. Swichi za bei nafuu zinazouzwa madukani, zile za matundu matano au manane, hazijitambulishi kwa mtu na hazijibu swali. Zinapitisha mizigo, basi. Mafundi wanaweza kuziita swichi bubu. Kwa programu ya kuchora ramani hazipo kabisa. Itachora mstari ulionyooka kutoka swichi kubwa hadi kompyuta ya stoo, kumbe katikati ya mstari huo zimejificha swichi mbili, moja chini ya meza na nyingine juu ya dari.

Hata hivyo bubu huacha nyayo. Tundu moja la swichi kubwa linapaswa kuwa na kifaa kimoja. Daftari likionyesha anwani tisa kwenye tundu hilo moja, na hakuna jirani aliyejitambulisha, basi mbele yake kuna swichi bubu yenye watu wanane au tisa nyuma yake. (Au kisambazaji cha mtandao usio na waya, ambacho simu za wafanyakazi zimejazana humo; nalo ni jambo la kujua.) Kuanzia hapo programu haina msaada tena. Ni kazi ya ngazi na tochi: kufuata waya kwa mkono, kupanda darini, kutumia kile kifaa cha mlio kinachochomekwa upande mmoja na kusikilizwa upande wa pili, na kubandika namba kwenye ncha zote mbili za kila waya.

Si kwamba swichi bubu ni mbaya. Kwa kibanda cha mawakala wa fedha inatosha. Ubaya ni kuwa nayo bila kujua iko wapi, na ubaya zaidi ni kuifanya iwe Tabora ya ofisi. Mfanyabiashara mwenye fedha ya swichi moja tu inayosema aiweke katikati, pale njia zote zinapokutana, na zile bubu azipeleke mwisho wa matawi. Uamuzi huo hauwezi kufanywa bila mchoro, kwa sababu bila mchoro hakuna anayejua katikati ni wapi.

Kitanzi

Ajali inayotisha zaidi katika kazi hii haina uhusiano na kukatika kwa waya. Inatokana na waya uliozidi. Mfanyakazi anaona waya unaning'inia, anadhani umechomoka, anauchomeka kwenye tundu lililo wazi. Kumbe ncha ya pili ya waya huo imo kwenye swichi hiyo hiyo, au kwenye swichi ya jirani iliyokwisha kuungwa kwa njia nyingine. Kitanzi kimefungwa.

Ujumbe unaotumwa kwa kompyuta zote ukiingia katika kitanzi huzunguka bila kikomo, kwa kuwa ujumbe wa ngazi hiyo haubebi hesabu ya mara ngapi umepita. Kila mzunguko swichi hutoa nakala nyingine. Katika muda mfupi sana taa zote za swichi huwaka na kuzima kwa pamoja, na ofisi nzima husimama, pamoja na wale walio upande wa pili wa jengo ambao hawajagusa kitu. Fundi asiye na ramani hana pa kuanzia, maana kila tundu linaonekana gonjwa.

Dawa ya kitanzi ipo siku nyingi. Mwaka 1985 Radia Perlman, akiwa mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment ya Marekani, alibuni utaratibu unaozifanya swichi zikubaliane zenyewe kuchora mti usio na vitanzi, zikifunga kwa muda njia zilizozidi na kuzifungua pale njia kuu inapokufa. Ulikubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1990. Swichi nzuri huja nao. Swichi bubu za bei ya chini kwa kawaida hawanao, na hapo tena mtu anarudi kwenye swali la nani amewekwa wapi.

Lakini hata dawa hiyo ina mipaka, na Marekani waliijua kwa taabu. Novemba 13, 2002, mtandao wa hospitali kubwa ya Beth Israel Deaconess mjini Boston ulianza kuelemewa, ukawa unasimama na kurudi kwa muda wa siku nne hivi. Madaktari walirudi kwenye karatasi na wahudumu wakatumwa kukimbiza majibu ya vipimo kwa miguu. Mtandao huo ulikuwa umekua kipande kwa kipande kadiri taasisi zilivyoungana. Utaratibu wa mti ulikusudiwa kwa mitandao ambayo ujumbe haupiti zaidi ya swichi saba kutoka ncha moja hadi nyingine. Sehemu za mtandao wa hospitali zilikuwa zimevuka kiwango hicho. Shehena kubwa ya data ya mtafiti mmoja ndiyo iliyozidisha uzito. Mkuu wa kompyuta wa hospitali hiyo, John Halamka, hakuficha kilichotokea, bali alikieleza hadharani ili wengine wajifunze.

Hospitali ile haikuwa na upungufu wa fedha wala wataalamu. Urefu wa minyororo ya swichi zake ni jambo ambalo mtu huliona mara moja akitazama mchoro, na huweza kukaa nalo miaka mingi bila kulijua akitazama swichi moja moja. Mfanyabiashara wa Mwanga aliyeunga swichi ya tatu kwenye ya pili na ya nne kwenye ya tatu yuko kwenye njia hiyo hiyo, kwa kiwango chake.

Laini mbili, njia moja

Ramani isiishie ukutani mwa ofisi. Zamani mawasiliano ya intaneti ya mikoa kama Kigoma yalitegemea dishi la setilaiti, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Hali ilibadilika baada ya mkongo wa baharini wa Seacom kufika Dar es Salaam mwaka 2009, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010, na Serikali ilipojenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuanzia mwaka 2009 na kuukabidhi kwa TTCL kuuendesha. Mkongo huo wa nchi kavu ulipangwa kwa pete, ili nyaya zikikatwa upande mmoja mawasiliano yazungukie upande wa pili. Pete ni kitanzi kilichofungwa kwa makusudi na kwa usimamizi. Tofauti yake na kile kitanzi cha mfanyakazi wa ofisi ni kwamba huyu anajua alichokifanya.

Mei 12, 2024, mikongo ya Seacom na EASSy ilipata hitilafu baharini kwa wakati mmoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Wapo wenye ofisi waliokuwa wakilipa kampuni mbili za intaneti kila mwezi kwa imani kwamba moja ikizima nyingine itabaki. Siku hiyo zilidhoofika zote. Katika ankara zilikuwa laini mbili. Katika topolojia zilikuwa njia moja.

Jambo hilo hutokea pia kwa kiwango cha mtaa. Kampuni mbili zinaweza kupitisha nyaya zao kwenye nguzo zile zile za barabara ya Lumumba, na lori moja lililogonga nguzo likazizima zote. Mteja ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini: waya wenu unaingia jengo langu kwa upande gani, unapita nguzo zipi, na unaungana na wa mwenzenu wapi? Kampuni isiyotaka kujibu imempa mteja jibu la kutosha.

Radi na maji

Kuna mambo mawili ya Kigoma ambayo vitabu vya Ulaya vya kuchora mitandao havitilii mkazo.

La kwanza ni radi. Ukanda wa Ziwa Tanganyika na mashariki ya Kongo ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi kwa wingi duniani. Waya wa shaba unaopita nje kutoka jengo moja hadi jingine huleta nguvu hiyo hadi ndani ya swichi, na mara nyingine swichi huipitisha kwa kila kilichochomekwa humo. Kwa hiyo katika ramani ya Kigoma kila mstari unaotoka nje ya ukuta uandikwe ni wa shaba au wa nyuzi za kioo. Nyuzi za kioo hazipitishi umeme. Waya wa shaba, zaidi ya hilo, haukusudiwi kuvuka mita 100. Mwenye duka akiona mstari wa shaba kati ya duka na stoo ya nyuma, anajua fedha ya kwanza iende wapi kabla ya mvua za Oktoba.

La pili ni ziwa lenyewe. Katika miaka ya 2020 na 2021 maji ya Tanganyika yalipanda na kuingia maeneo ya ufukweni, Kibirizi na Katonga zikiwemo. Kabati la swichi lililowekwa sakafuni katika ofisi ya karibu na maji lilikuwa limewekwa vibaya, ingawa kwa miaka mingi halikuonekana hivyo. Kimo cha kabati kutoka sakafuni ni tarakimu moja tu ya kuongeza kwenye mchoro.

Kuhusu umeme, mkoa ulianza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022 baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta ya dizeli. Umeme bado hukatika, kama kwingineko. Ramani ionyeshe ni swichi zipi ziko kwenye betri, kwa sababu kompyuta yenye betri inayotegemea swichi isiyo na betri haina faida kwa mteja aliye kwenye foleni.

Nani ailipie, na ikae wapi

Njia rahisi ya kuipata ramani ni kuiandika katika mkataba wa kufunga mtandao tangu mwanzo. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya fundi kukabidhi vitu vitatu: mchoro wa swichi na njia zake, orodha ya kila tundu na kilichochomekwa humo, na namba zilizobandikwa kwenye ncha zote mbili za kila waya. Mafundi wengi hawatapinga wakiambiwa mapema. Wakiambiwa baada ya kulipwa, ni hadithi nyingine. Kwa Kigoma hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mtaalamu mwingine akihitajika huenda akatoka Mwanza au Dar es Salaam, na Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,200. Akifika akute mchoro, ataanza kazi. Akikosa, siku yake ya kwanza mteja atailipia kwa kuchomoa nyaya.

Wafanyabiashara ambao mitandao yao ilifungwa zamani wanaweza kuagiza ramani peke yake kama kazi ya siku moja au mbili. Wengine watagundua kwamba wanalipia umeme wa swichi isiyokuwa na mtu.

Ramani ikamilikapo, ichapwe kwenye karatasi. Ofisi nyingi huihifadhi ndani ya seva, na mtandao unapozima seva haifikiki, na ramani imo humo. Nakala moja ikae ndani ya mlango wa kabati lenye kufuli, nyingine kwa mwenye mali. Isibandikwe mapokezi, kwa maana inamwelekeza mwizi mahali pa kuchomeka kompyuta yake kama inavyomwelekeza fundi. Iandikwe tarehe, na kila swichi inapoongezwa, hata ile ya matundu matano, mchoro urekebishwe siku hiyo hiyo kwa kalamu, kabla fundi hajashuka kwenye ngazi.

Kuijaribu hakuna gharama. Baada ya saa za kazi, mwenye mali achague waya mmoja kwenye mchoro, aandike pembeni ni nani watakaopotea ukichomolewa, kisha auchomoe na kuhesabu.